Warithi wa Paa Langu

Watu wa mashamba wakija mjini Zanzibar huniambia, "Wewe una bahati, unakaa Mji Mkongwe, dunia nzima inakuja mlangoni pako." Inakuja, sikatai. Inakuja na kamera, na inanikuta barazani nimevaa kikoi na singlendi yenye tundu, nanywa kahawa yangu. Hivi sasa huko Ujerumani pana nyumba mna picha yangu ukutani, na tundu langu linaonekana vizuri. Senti sijaiona, wala sikuulizwa kama ningependa kuchana ndevu kwanza.

Mwaka 2000 UNESCO waliutia mji wetu kwenye Urithi wa Dunia. Tulifurahi, kwa nini tusifurahi? Lakini mirathi ninavyoijua mimi, kabla watu hawajagawana chochote hulipwa deni la marehemu. Basi deni ndilo hili: paa. Kila masika linavujia kitandani, na boriti za mikoko zimeliwa na mchwa mpaka mchwa wenyewe wamehama. Nikataka kutia dirisha la alumini, nikaambiwa na ofisi moja haifai, hii nyumba ya urithi, lazima mbao. Sawa, mbao za fedha ya nani? Hapo kila mtu akatazama saa yake. Warithi ni dunia nzima, Mchina yumo, Mfaransa yumo, ila siku ya kushika ndoo ya chokaa tunabaki mimi na Bi Mkubwa wangu.

Na hilo si la kuchekea sana. Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash 1883, kila mgeni kalipiga picha, kila kadi ya posta imo sura yake. Disemba 2020 upande mmoja ukaporomoka, watu wawili wakafa. Hilo jumba la mfalme. Sasa niambie paa langu la mtaa wa Kiponda, ambalo hata postamani halijui.

Halafu jumba lile lile ndilo lililokuwa na umeme na lifti zamani hizo, watoto wanafundishwa skuli. Haya, mji wenye historia hiyo ukaja ukakaa kiza miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa kutoka bara ulipoharibika. Watalii wakasema mishumaa inapendeza. Itampendeza mtu ambaye hana kilo tano za changu kwenye friji.

Wanaonimaliza lakini ni watembeza wageni. Yupo kijana mmoja kila asubuhi anasimamisha kundi lake mbele ya mlango wetu, anawaambia misumari ya shaba imewekwa kuzuia tembo. Tembo! Kichochoro chetu vespa mbili zikikutana lazima moja irudi nyuma mpaka msikitini, huyo tembo atapinda wapi kona? Milango hiyo mtindo wake umetoka Bara Hindi, huko tembo wapo, hapa ni pambo tu. Nikatoa kichwa dirishani nimwambie. Akanitazama kwa huruma, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mzee, usinivunjie riziki." Kisha akawageukia wageni kwa Kiingereza, akanionyesha kwa kidole, wote wakasema "Waaa." Nikaja kuuliza baadaye alisema nini. Alisema nina miaka tisini na tano na babu yangu alikuwa mpishi wa Sultani. Mimi nimestaafu juzi, na babu alikuwa fundi cherehani.

Na Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, je? Alizaliwa hapa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na tangu 2019 ana makumbusho yake Shangani. Mimi sina neno naye. Neno langu ni na wazee wenzangu. Kila mwenye mvi sasa amesoma naye, mwengine amemfundisha kuimba. Mtoto wa watu alipelekwa skuli ya bweni India angali mdogo, nyie mmemfundisha lini? Jirani yangu pale baraza ya kahawa ya Jaws Corner anadai alimpiga chenga ya mpira mpaka akakaa chini. Wageni walivyofurahi wakalipia kahawa ya baraza zima. Nilikunywa vikombe viwili, sikusema kitu.

Forodhani nako sasa kwenda kunataka moyo. Bustani ilipofunguliwa upya 2009 ilipendeza kweli, bado inapendeza. Lakini nimekwenda na wajukuu, nimevaa fulana niliyoletewa kutoka Muscat, muuza mishkaki akaniita, "Mai frendi! Lobsta! Gudi praisi!" Nikamwambia, "Yakhe, baba yako alikuwa akija kwangu kuazima baskeli." Bei ikashuka nusu pale pale. Badala ya kufurahi nikawatazama Waitaliano waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, maskini, baskeli ile wanailipa wao.

Bi Mkubwa hana habari na haya yote. Yeye ugomvi wake ni pweza. Anatoka sokoni Darajani na kikapu kitupu, anasema pweza mzuri ameshakwenda hotelini kabla ya alfajiri, na aliyebakia bei yake ni ya mtu mwenye pasipoti.

Sasa amekuja mpwa wangu na mpango. "Mjomba, hapa tukafanye gesti. Chai ya asubuhi juu ya paa, waione bahari." Nikamwuliza paa lipi. Akasema hilo halina tabu, kuvuja kidogo wageni wanakupenda, kunaonyesha ni nyumba ya asili. Mimi na Bi Mkubwa tutahamia Fuoni, kwenye nyumba ya tofali, bati jipya. Mchana nitakuwa narudi mjini kwa daladala, nakaa barazani na kanzu na kofia ya viua, naitikia salamu.

Nikamwuliza: na hiyo kanzu nanunua mimi au ni ya kazini?