Trekta dogo la umeme lipimwe kwa hekta

Likitajwa trekta dogo la umeme, sifa ya kwanza huwa kwamba halitoi moshi. Kweli, na pua za anayeliongoza zinashukuru. Ila tathmini ya mzunguko wa maisha, yaani hesabu ya madhara yote ya kifaa kwa mazingira, inayofuata viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na 14044, huanzia mgodini na kuishia mashine inapovunjwa, na huko betri ndiyo yenye maswali magumu.

Mwaka 2019 taasisi ya utafiti wa mazingira ya IVL ya Uswidi ilikadiria kwamba kutengeneza betri ya lithiamu, kwa kila kilowati-saa moja ya umeme inayoweza kuhifadhi, hutoa kilo 61 hadi 106 za hewa ya ukaa. Betri ya kilowati-saa 5 basi huingia shambani na deni la kilo 305 hadi 530, sawa na kuchoma lita 110 hadi 200 za dizeli. Mashine inayofanya kazi mwaka mzima hulilipa mapema. Inayolima majuma machache kisha ikalala stoo inaweza kufa kabla ya kulimaliza, maana betri hizi huzeeka hata zisipotumika.

Umeme wenyewe nao una asili yake. Lita ya dizeli ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi, na injini ndogo hugeuza takriban theluthi tu kuwa kazi. Mota hufanya kazi hiyohiyo kwa kilowati-saa 3 au 4. Zikitoka kwenye sola, hakuna ubishi. Zikitoka kwenye mtambo wa makaa ya mawe, wenye kutoa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa kwa kila kilowati-saa, huweza kuizidi dizeli, ambayo lita yake ikichomwa hutoa kilo 2.7.

Ndiyo maana sipendi hesabu zinazotolewa kwa kila mashine. Kipimo kiwe hekta iliyolimwa katika umri wote wa mashine. Kwa kipimo hicho, betri inayochomolewa kwenye trekta na kuendesha pampu ya maji au mashine ya kupukuchua mahindi huishinda kwa mbali iliyofungiwa ndani ya chombo kimoja, maana deni lake hugawanywa kwa kazi nyingi.

Gharama na watu pia wamo katika tathmini kamili ya uendelevu. Betri za lithiamu za aina ya chuma na fosfeti hazina madini ya kobalti, kwa hiyo zinaepuka aibu ya migodi yenye ajira ya watoto. Lakini zikiundwa kwa gundi isiyofunguka, seli moja ikifa fundi hana la kufanya, na mkulima hununua betri nzima upya, pamoja na deni lake.