Jiwe la Asali Lisipigwe Pete

Ukiletewa jiwe zito la rangi ya asali au kahawia-nyekundu hapa Kigoma, usikubali haraka kwamba ni ganeti. Ng'ambo ya mpaka, Gakara, kusini ya Bujumbura, kuna mishipa ya bastnasaiti, jiwe la rangi hiyo lenye madini adimu ya viwandani, iliyoanza kuchimbwa mwaka 1948. Kwetu mawe hayo yapo Ngualla, mkoani Songwe. Kipande safi kinachopitisha mwanga kinapendeza kweli, na ndiyo maana mnunuzi huponzwa na macho.

Dakika tano zinatosha kulipima. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya sonara, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi mwembamba lizame bila kugusa kitako wala ukingo. Gawanya uzito wa jiwe likiwa kavu kwa namba inayosomeka; jibu ni mara ngapi jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo uleule. Jiwe la gramu 14.7 likisoma 3.0 ndani ya maji, jibu ni 4.9: hapo ndipo bastnasaiti ilipo, kati ya 4.7 na 5.2. Kwatzi ni 2.65, ganeti nyekundu ya kawaida ni kama 4. Viputo vya hewa vilivyoganda kwenye nyufa hushusha jibu, kwa hiyo loanisha jiwe kwanza na ulisugue kwa kidole. Zirkoni, kito kingine, huikaribia kwa uzito, lakini ncha ya kisu haiikwaruzi, bastnasaiti hukwaruzika. Kwaruza upande wa nyuma, tafadhali.

Ulaini huo, 4 hadi 4.5 kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, ndio unaonifanya nisisitize: kumuuzia mtu pete ya jiwe hili ni kumdhulumu. Vumbi la barabarani lina chembe za kwatzi, ugumu 7. Kila akipangusa pete, analipiga msasa. Kidani au hereni, sawa, ila sonara amalize kulehemu na kusafisha fedha kwa asidi kabla ya kulipachika. Jiwe hili ni kaboneti: moto wa kulehemu hulivunja likatoa gesi, na asidi hulila uso.

Thamani yake kubwa iko viwandani. Karibu robo tatu ya uzito wake ni oksidi za madini adimu: seriamu, lanthanamu, na neodimiamu ya sumaku za injini za umeme. Lakini kiwanda hununua shehena, si mfuko wa Rambo. Anayekutajia bei ya sumaku kwa kilo mbili za mawe anakupotosha.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba oksidi ya seriamu ndiyo unga wa kung'arishia vito vya amethisti na sitrini. Ukoroge na maji uwe kama uji mwepesi, upake kwenye gurudumu la ngozi, na usiache likauke, maana joto la msuguano hupasua jiwe. Mikwaruzo ikizidi kuonekana, usiulaumu unga; punje za msasa wa hatua iliyotangulia zimebaki kwenye kucha zako. Osha mikono kwa brashi, kisha anza upya.