Mpishi wa Krismasi naye ana ibada

Asubuhi ya tarehe 25 Desemba nyumba nyingi za Wakristo hapa Tanzania hugawanyika. Wazazi, wajomba na watoto waliovalishwa nguo mpya wanaelekea kanisani. Binti mmoja, mara nyingi yule mkubwa au mke wa mtoto wa kwanza, anabaki na kilo 3 za mchele, sinia la vitunguu na moshi. Wenzake wanarudi wakiwa bado na wimbo mdomoni, wanamkuta anatokwa jasho, na kabla hata ya kumtakia heri ya Krismasi wanamuuliza kama chakula kimeiva. Kwa maoni yangu hilo ni kosa. Ni kosa la mpangilio, na linaweza kurekebishwa tangu Majilio, yaani wiki za kujiandaa kwa Krismasi, bila mgeni yeyote kukosa sahani yake.

Wapo akina mama watakaosema kupika nako ni ibada. Nawaheshimu, na kwa sehemu wanasema kweli, maana kumlisha mgeni ni huduma. Ila huduma haifuti ibada. Katika Luka sura ya 10 Martha, aliyemkaribisha Yesu nyumbani kwake, hakukemewa kwa sababu alipika. Aliambiwa anasumbuka kwa ajili ya vitu vingi, na hapo kwenye wingi ndipo penye shida ya jikoni kwetu. Pilau, wali wa nazi, biriani, kuku wa kukaanga, mbuzi wa kuchoma, chapati, sambusa na keki, vyote siku moja na mpishi mmoja! Chagueni chungu kimoja kikubwa, yaani pilau, na kitoweo kimoja cha pembeni, kachumbari, na chapati zilizopikwa jana yake. Hakuna mgeni atakayeondoka na njaa.

Kuna neno kwenye Luka 2:8 ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Wachungaji wa kondeni walikuwa wakilinda kundi kwa zamu. Watu wa kwanza kuletewa habari za kuzaliwa kwa Kristo walikuwa kazini, na kazi yao walikuwa wamegawana. Hivyo ndivyo jiko la Krismasi linavyotakiwa kuendeshwa.

Kwa hiyo binti, kabla ya kuuliza utapika nini, uliza utasali ibada ipi. Kwa Wakatoliki nafasi ni nyingi, kwa kuwa Krismasi ina Misa ya kesha jioni ya tarehe 24, Misa ya usiku, ya alfajiri na ya mchana, kila moja na masomo yake, na anayesali jioni ya tarehe 24 ametimiza wajibu wa sikukuu. Makanisa mengi ya Kilutheri na Kianglikana nayo huwa na ibada ya mkesha. Kinachoamua ni kitu kimoja tu, nacho ni friji. Mwenye friji inayofanya kazi anaweza kusali asubuhi ya 25. Asiye nayo asali mkesha, kisha apike asubuhi kwa utulivu.

Sababu ni nyama. Desemba ni joto, hasa Dar es Salaam, Tanga na Morogoro, na sufuria la supu likikaa juu ya meza usiku kucha linabaki vuguvugu kwa saa nyingi. Vijidudu hupenda vuguvugu hilo, na baadhi huacha sumu ambayo haiondoki hata ukichemsha tena asubuhi. Ndiyo maana pilau isiyo na harufu yoyote mbaya inaweza kuwaharishia watu sikukuu. Asiye na friji anunue nyama asubuhi ile ile bucha likifunguliwa, au kuku achinjwe alfajiri, na iingie sufuriani moja kwa moja. Akisali mkesha ana saa 6 nzima mbele yake kabla ya chakula cha mchana.

Mwenye friji achemshe nyama jioni ya tarehe 24. Kwa watu 20 hadi 24 weka mchele kilo 3 na nyama ya ng'ombe kilo 2 na nusu yenye mifupa kidogo. Ichemshe na chumvi, tangawizi na vitunguu saumu mpaka iive bila kuchambuka, kama saa moja na robo kwa nyama ya kawaida ya bucha. Usiingize sufuria la moto kwenye friji, maana litapasha kila kitu kilichomo na lenyewe katikati litachelewa kupoa. Litie kwenye beseni la maji baridi, badilisha maji mara mbili, gawa supu kwenye vyombo vidogo, na ndani ya saa 2 viwe vimeshaingia. Umeme ukikatika usifungue mlango, kwa kuwa friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi. Ukikatika usiku mzima, nyama ile usiibahatishie.

Jioni hiyo hiyo kaanga vitunguu. Hapa ndipo muda mkubwa unapookolewa, na hapa ndipo rangi ya pilau inapotoka. Rangi haitokani na nyanya wala na unga wa rangi. Kwa kilo 3 za mchele tumia kilo moja na robo ya vitunguu maji, vikatwe vyembamba na kwa unene unaolingana, pamoja na mafuta kikombe kimoja na nusu. Kwenye sufuria kubwa vitachukua dakika 25 hadi 30, na dakika 5 za mwisho usiondoke hata kidogo. Viepue vikiwa na kahawia iliyopungua kidogo kuliko unayoitaka, kwa sababu vitaendelea kuiva ndani ya mafuta ya moto. Vikiungua, mwaga uanze upya. Uchungu wa kitunguu kilichoungua haufichwi na kiungo chochote, na wageni wote 24 watausikia. Vikipoa, viweke kwenye friji pamoja na mafuta yake.

Mchele uchambuliwe tarehe 23, mawe yatoke, ila usiuloweke kabla ya kwenda kanisani. Ukikaa majini saa 3 unalainika, na ukiupika unakatika vipande. Loweka ukirudi, dakika 20 hadi 30, wakati supu inachemka.

Tuseme ibada imeanza saa 1 asubuhi na umefika nyumbani saa 4. Pasha vitunguu na mafuta yake, tia saumu na tangawizi iliyotwangwa, geuza dakika 2. Tia viungo, yaani binzari nyembamba vijiko vikubwa 3, pilipili manga kijiko kikubwa 1, iliki punje 15 hadi 20, mdalasini vijiti 4, karafuu punje 10. Karafuu haizidishwi sawa na mchele. Anayeweka 8 kwa kilo moja, akiweka 24 kwa kilo tatu atapata pilau inayonuka dawa ya meno. Viungo vikitoa harufu tu, kama dakika moja, ingiza nyama na uikaange ishike rangi, kisha viazi, kisha supu.

Kipimo cha supu ndicho kinachowaponza wengi. Kilo moja ya mchele ni kama vikombe 5, na kwa chungu kidogo kikombe kimoja cha mchele huhitaji kikombe kimoja na nusu cha supu. Ukizidisha hivyo hivyo kwa kilo 3 unapata vikombe 22 na nusu, na pilau inageuka bokoboko. Maji yanayopotea kwa mvuke hayaongezeki kulingana na wingi wa mchele, kwa hiyo chungu kikubwa kinahitaji kiasi pungufu. Anza na vikombe 20, na kama ni mchele mpya wa mavuno ya mwaka huu, 18. Supu ikipungua kuliko hapo ongeza maji ya moto, kamwe si ya baridi. Onja: inatakiwa iwe na chumvi iliyozidi kidogo kuliko ambayo ungependa kuinywa, kwa sababu mchele utaimeza.

Mchele uingie supu ikiwa inachemka kwa nguvu. Ukiuingiza kwenye supu iliyopoa unakaa chini, unatoa wanga na kushikana. Funika, moto wa wastani, na supu ikishuka mpaka vitundu vikaonekana juu, geuza mara moja tu kwa mwiko kutoka chini kuja juu. Baada ya hapo punguza moto na upalie makaa juu ya mfuniko, mengi juu na machache chini. Kwenye gesi weka kikaango cha chapati chini ya sufuria, moto uwe mdogo kabisa, ili joto lisambae. Dakika 25 hadi 30 bila kufunua. Kila unapofunua kuangalia unatoa mvuke unaoivisha mchele wa juu, ndiyo maana pilau nyingi zina ukoko chini na punje ngumu juu. Kufikia saa 6 mchana, hata ukichelewa kidogo kanisani kwa kusalimiana, chakula kiko mezani.

Chapati ni kazi ya mchana wa tarehe 24. Kilo moja ya unga hutoa chapati 12 hadi 14, kwa maji vuguvugu kama mililita 600 na mafuta vijiko vikubwa 4. Kanda dakika 10 hadi 15, pumzisha unga nusu saa, sukuma, paka mafuta, kunja, pumzisha tena. Chapati ngumu husababishwa na mambo mawili, unga mkavu mwingi wakati wa kusukuma, na kikaango kisichopata moto, ambacho huikausha kabla haijaiva. Ziache zitoe mvuke kidogo kabla ya kuzifunga kwenye kitambaa, vinginevyo zinalowa na kuchacha. Keki ipikwe tarehe 23. Kachumbari ndiyo pekee inayosubiri mpaka dakika ya mwisho, na chumvi yake iingie mezani, kwa sababu chumvi huvuta maji kwenye nyanya na bakuli linageuka mchuzi.

Manunuzi yaanze mapema, maana bei za mchele, mafuta na vitunguu hupanda kadiri sikukuu inavyokaribia. Majilio huanza Jumapili iliyo kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na wasiotazama kalenda hushtuka mwaka ambao Jumapili ya nne inaangukia tarehe 24 yenyewe. Mwaka kama huo Majilio ni wiki 3 na siku moja tu, na binti wa kwaya ana ibada ya asubuhi, mkesha, na ibada ya kesho yake, zote akiwa kwenye sare. Huyo asipangiwe zamu ya jioni. Kazi yake iwe ya tarehe 22 na 23, kuchambua mchele, kutwanga saumu na tangawizi na kuoka keki.

Na hapa naomba nisikike vizuri. Kumtoa binti jikoni kwa kumwacha dada wa kazi si suluhisho. Dada wa kazi naye amebatizwa, naye ana Krismasi, na mara nyingi yuko mbali na mama yake siku hiyo. Kama nyumba ina wenye nguvu 6, zamu zigawanywe kwa 6. Kijana wa kiume anaweza kuwasha mkaa, kumenya viazi na kuchoma mbuzi. Mama mkubwa aliyesali mkesha anaweza kubaki asubuhi kuangalia nyumba. Wageni waambiwe mapema, kwa heshima, kwamba chakula ni saa 7 mchana: "Shangazi, shikamoo. Tutakula saa 7, sote tutakuwa tumetoka kanisani." Shangazi hatachukia. Anayechukia ni yule aliyeambiwa saa 6 akala saa 9.

Majirani Waislamu wanaokuja kula au kupelekewa sahani wasisahaulike kwenye mpango. Kama kuku wanachinjwa nyumbani, mwombe jirani Mwislamu awachinje, ili chungu kiwe kimoja kwa wote na asiwepo anayekula kwa mashaka. Hili limezoeleka mitaani kwetu na ni jambo zuri sana. Mwaliko huo aupate jana yake, si saa 12 asubuhi akiwa bado kitandani.

Baada ya kula, pilau iliyobaki isiachwe sufuriani mpaka usiku. Ndani ya saa 2 itandazwe kwenye sinia ipoe, kisha iingie kwenye vyombo vifupi ndani ya friji. Asiye na friji agawie majirani mchana huo huo. Kiporo cha tarehe 26 kipashwe mpaka kitoe moshi katikati, na matone mawili ya maji chini ya mfuniko yatakilainisha. Sufuria lenye ukoko lilowekwe kwa maji ya moto na chumvi tangu jioni, na zamu ya kulisugua isiwe ya aliyepika.