Risasi zangu zinarefuka na kufupika zenyewe

Jamani aliyesema kujijazia risasi za raifo, yaani kuunganisha mwenyewe ganda, baruti na kichwa, ni hobi ya kutuliza akili aje nimwone. Nimekaa mezani, presi imefungwa vizuri, nashusha mkono wa presi kichwa cha risasi kinazama kwenye ganda, napima urefu na venia, safi. Inayofuata fupi. Inayofuata ndefu. Dai ileile, kile kifaa cha kwenye presi kinachosukuma kichwa ndani ya ganda, vichwa vya pakti moja, nikaanza kuwaza nani kaniroga.

Pembeni yupo shemeji, kaja kusaidia, na kusaidia kwake ni kupiga stori.

Nikasema labda ncha, maana vile vichwa vya ncha yenye tundu havilingani toka kiwandani, hata robo milimita unaikuta, na dai wala haisukumi ncha, inasukuma pale kwenye mviringo chini yake. Nikafunga kwenye venia kile kifaa cha kupimia kwenye mviringo. Bado. Nikafungua dai, ndani ya kisukumio nta imeganda, nikasema mchawi nimekukamata! nikasafisha mpaka kikang'aa, bado tu. Shingo za maganda nazo zikikakamaa kwa kutumika sana zinabana vichwa kwa nguvu tofauti, ila haya mapya kabisa. Na baruti haijajaa kiasi cha kusukuma kichwa kirudi juu.

"Shem labda venia imechoka," anasema huyu.

Na si jambo la kuchekea, kichwa kikizama kuliko ulivyopanga nafasi ndani ya ganda inapungua na ukifyatua presha inapanda, kwa hiyo zile fupi zote nikaziweka kando za kuvuliwa vichwa.

Sasa akaanza stori ya bosi wake. Mi napima, fupi, fupi, fupi zaidi. Akafika pale bosi alipoanguka na kiti, anacheka, risasi zinarefuka. Nikainua macho. Mkono wake umepumzika juu ya presi na vidole vinachezea ile skrubu ya dai inayoamua kichwa kizame kiasi gani, ni zile laini za kuzungusha kwa vidole, hazina nati ya kulock. Akikasirika anazungusha kulia, akicheka kushoto, hana habari kabisa!

Nikamtoa mkono taratibu nikampa bolti na nati yake achezee. Kazungusha kidogo, kakunja uso.

"Shem hii mbona ngumu, ile nyingine ilikuwa inateleza vizuri."