Tuondoe nyaya, turudishe mikono

Mama yule alikaa kando ya inkubeta siku tatu bila kumgusa mwanawe. Hakuna aliyemkataza. Nyaya ndizo zilizomzuia: tatu kifuani, mmoja mguuni, mwingine wa kupimia joto tumboni, zote zikiishia kwenye mashine iliyolia kila mtoto alipojinyoosha. "Sista, nikimshika hazitachomoka?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba hazichomoki. Haikuwa kweli. Zilichomoka kila siku, na kila tulipozibandika upya gundi iliondoka na ngozi, maana ngozi ya mtoto njiti ni nyepesi kama utando wa ndani wa kitunguu.

Siku hizi nikisikia watu wakivisifia vihisi visivyo na waya, yaani vifaa vidogo vinavyobandikwa mwilini kupima mapigo, pumzi na oksijeni, sifa nyingi huwa za takwimu: mapigo ya moyo yanasomwa kila sekunde, daktari anayaona kwenye simu akiwa mbali, programu inabashiri nani atazidiwa. Ni mambo mazuri, siyakatai. Lakini mimi niliyekesha wodini kwa miaka mingi nina swali ninalolitanguliza: kifaa hiki kitamwachia nani mikono yake? Kikimwachia mama au muuguzi, nakitaka kesho asubuhi. Kikimwongezea kazi, kimekuwa waya mwingine, hata kama hauonekani.

Mwaka 2019 timu ya John Rogers wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ilichapisha katika jarida la Science kazi ambayo niliisoma huku moyo ukinidunda. Walitengeneza vihisi viwili laini kama plasta. Kimoja hubandikwa kifuani na kusoma umeme wa moyo. Kingine huzungushwa mguuni na kupima oksijeni kwa mwanga. Havikuwa na betri. Nguvu ilitoka kwenye antena iliyolazwa chini ya godoro, na kwa kuwa vilikuwa vyepesi, havikuhitaji gundi kali. Toleo lililofuata, mwaka 2020, lilitiwa betri ndogo ili mtoto aweze kubebwa mbali na kitanda. Hatua hiyo ya pili ndiyo iliyonigusa zaidi. Kuna mtu alikumbuka kwamba mtoto ana mama.

Na kubebwa kwenyewe ni tiba. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza hali itulie, vifo vyao katika siku 28 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 25. Ukiziweka hizo nyaya tano karibu na tarakimu hiyo, utaelewa kwa nini sizioni kama kero ndogo.

Kwa wagonjwa wazima hadithi ni tofauti kidogo. Katika wodi za kawaida mgonjwa hupimwa zamu inapoanza, kisha huenda saa nne, sita, hata nane zikapita kabla mtu hajarudi na mashine ya presha. Katikati hapo ndipo watu huzidiwa kimyakimya. Dalili inayotangulia mara nyingi ni kupumua kwa kasi, na ndiyo tuliyoipuuza kuliko zote. Kuhesabu pumzi kunataka usimame, utazame kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Ukiwa na wagonjwa thelathini, hiyo ni nusu saa nzima. Nakiri hapa bila kujificha: nimewahi kuandika 20 kwenye faili bila kuhesabu, na wenzangu pia. Kihisi cha kifuani kinachohesabu pumzi usiku kucha kingeniondolea uongo ule. Hapo namuunga mkono mtengenezaji kwa mikono miwili.

Ila namba nayo iwe ya kuaminika kwa ngozi ya kila mtu. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilitokana na wazo la Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, miaka ya 1970: pitisha mwanga kwenye mwili, damu yenye oksijeni nyingi hunyonya mwanga mwekundu kidogo kuliko ile iliyopungukiwa, na mapigo yanakusaidia kuitenganisha damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vitu vingine vyote. Leo vifaa hulinganisha mwanga mwekundu na infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Lakini mwanga huo unapita kwenye ngozi kwanza, na melanini, rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, nayo hunyonya mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea asilimia 92 hadi 96, kipimo cha damu ya ateri kilikuta oksijeni iko chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 ya vipimo vya weupe. Tofauti ya zaidi ya mara tatu! Na madaktari walikuwa wameishtukia kasoro hii miongo kadhaa nyuma.

Jambo hili linaniuma. Kihisi kipya kisicho na waya kikitumia mwanga uleule, kinaurithi ugonjwa uleule, kisha kinausambaza kwa kasi na mbali zaidi. Kwa hiyo anayeuza aulizwe kabla ya bei: kimejaribiwa kwenye ngozi za nani, wangapi, na damu ya ateri ilisema nini? Asipokuwa na jibu la maandishi, arudi nacho.

Halafu kuna kelele. Mwaka 2013 Joint Commission, taasisi inayokagua hospitali za Marekani, ilionya kwamba asilimia 85 hadi 99 ya milio ya mashine haidai mgonjwa afanyiwe chochote. Aliyekaa chumba cha wagonjwa mahututi hashangai. Sikio likizoea, huacha kusikia, na mlio wa kweli unapita pamoja na ya uongo. Ukimvisha kihisi kila mgonjwa wa wodi ya kawaida bila kupanga mlio upi uende kwa nani, na muuguzi ni mmoja, umemnyang'anya mikono ileile uliyodai unamwachia.

Mawimbi ya redio yenyewe yana mambo yake. Mwaka 1998 huko Dallas, kituo cha televisheni kilipojaribu matangazo ya dijitali kiliziba mawimbi ya vipima moyo vya hospitali vilivyotuma vipimo kwa redio, na baadaye Marekani ikatenga masafa maalumu kwa kazi hiyo. Betri nazo huisha, na kuna mtu anayepaswa kuzichaji. Haya yanatatulika kama yamepangiwa mtu na bajeti tangu siku ya kwanza.

Yule mama tulimtolea mtoto siku ya nne. Tulihitajika wawili: mwenzangu akainua nyaya kwa mikono yote miwili, mimi nikamlaza mtoto kifuani pa mama na kumfunika blanketi. Mashine ikalia. Waya ulikuwa umevutika. Tukaurekebisha, ikalia tena, na tena. Mtoto alikuwa ametulia, kasinzia kabisa, shavu lake limegandana na ngozi ya mama. Lakini mama hakumtazama hata kidogo. Alitazama skrini, amekaza mabega, hapumui vizuri. Haikufika robo saa akasema kwa sauti ndogo, "Mrudisheni tu, Sista."