Dakika Kumi na Tano Peke Yako

Mwaka 2014 mwanasaikolojia Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti ambao hadi leo unanichekesha na kunitisha. Waliwaacha watu mmoja mmoja chumbani kwa dakika 15, bila simu wala kitabu, wakae na mawazo yao tu. Palikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti waliyokwisha kuionja na kusema wako tayari kulipa wasiipate tena. Lakini wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, na wanawake 6 kati ya 24. Mwanamume mmoja alikibonyeza mara 190!

Ni watu wachache, sawa. Ila mtazame yeyote aliye kwenye foleni. Anatoa simu, anaiwasha, hakuna ujumbe, anairudisha mfukoni. Foleni haijasogea hata hatua mbili, mkono umesharudi kule kule. Simlaumu sana. Zamani ukurasa wa mtandaoni ulikuwa na mwisho, na ukifika mwisho unakumbuka una kazi nyingine. Aza Raskin, mbunifu wa programu wa Marekani aliyebuni ukurasa usiokwisha (ule unaoendelea kujileta kila ukiuvuta) mwaka 2006, mwenyewe amesema hadharani kwamba anajuta.

Sasa tunashauriwa tuzime simu wikendi nzima twende porini. Mimi sishawishiki. Atakayekwenda atarudi na picha za kuposti, na usiku simu italala chini ya mto kama kawaida. Ninachokitetea ni vile vipande vidogo vya muda: maji yakisubiriwa yachemke, dakika chache kabla ya usingizi, hata chooni (tusidanganyane, tunajuana). Humo ndimo tulimokuwa tukimkumbuka mtu tuliyemkosea, au jibu la jambo lililotutesa tangu asubuhi linajileta lenyewe. Na aliyejitenga kwa hiari yake si mkiwa, asihurumiwe.

Utamu wenyewe hauji mara moja. Ukikaa kimya, wa kwanza kubisha hodi ni deni, kisha ugomvi wa juzi, kisha lile neno uliloambiwa ukajifanya halikuuma. Mkono unawasha. Wengi hukimbilia simu hapo hapo, kabla mawazo hayajapata nafasi ya kujipanga. Ukivumilia, mara nyingine hujipanga. Mara nyingine unasinzia tu, na kwa jinsi tunavyokesha na simu, usingizi huo tulikuwa tunaudai.