Antioksidanti, Moyo na Kiharusi: Kinachopimwa ni Nini?

Dhana kwamba antioksidanti, yaani viini vinavyozuia uoksidishaji (kuharibiwa kwa kuungana na oksijeni), huukinga moyo na kuzuia kiharusi haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1989 Daniel Steinberg na wenzake walieleza kwamba kolesteroli ya LDL, ile iitwayo “mbaya”, huwa hatari zaidi inapooksidika ndani ya ukuta wa mshipa, kwa kuwa seli za kinga huibugia hadi zikajaa mafuta na kuanzisha utando unaouziba mshipa huo. Ilionekana basi kwamba vitamini E, vitamini C na betakarotini, zenye uwezo wa kuzuia uoksidishaji, zingeukinga moyo. Mwaka 1993 uchunguzi uliofuatilia wauguzi wa kike zaidi ya 87,000 nchini Marekani uliwakuta waliotumia vidonge vya vitamini E wakiugua moyo kwa nadra kuliko wenzao, na matumaini yakapanda.

Majaribio yaliyowagawa watu kwa kura, hawa wapewe vitamini na wale kidonge kisicho na dawa, ndiyo yaliyoyashusha. Nchini Uingereza, watu 20,536 waliokuwa katika hatari kubwa walipewa vitamini zote tatu au kidonge hicho kwa miaka mitano. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba vitamini zilipanda katika damu ya waliozimeza, lakini mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Haiwezekani basi kudai kwamba vidonge havikufyonzwa. Watetezi walijibu, si bila sababu, kwamba wengi wa watu hao walikuwa wagonjwa tayari. Jibu hilo lilidhoofika mwaka 2008, pale jaribio la madaktari wa kiume 14,641 wa Marekani, wengi wao wakiwa hawana maradhi ya moyo, liliposhindwa kuonyesha faida ya vitamini C wala E, huku kiharusi cha kuvuja damu kikiongezeka kwa waliopewa E. Kwa upande wa vidonge hivyo, naona mjadala umefungwa.

Chakula kina habari tofauti, na hapa ndipo wataalamu wanapogongana. Wanawake wa Sweden ambao hawakuwa na maradhi ya moyo, na ambao mlo wao ulipata alama za juu zaidi za uwezo wa antioksidanti, yaani kipimo cha jumla cha nguvu ya chakula kuzuia uoksidishaji, walipata kiharusi pungufu kwa takriban asilimia 17. Lakini wazee wa Rotterdam, Uholanzi, walipopimwa mlo wao kwa namna inayokaribiana na hiyo, uhusiano haukuonekana. Tofauti ni kwamba Sweden alama hizo zilitokana hasa na matunda na mboga, ilhali Rotterdam zilitokana kwa sehemu kubwa na kahawa na chai. Kama antioksidanti zenyewe ndizo zinazokinga, kwa nini chanzo chake kibadili matokeo? Swali hilo halithibitishi kwamba hazina kazi, ila linanifanya niitilie shaka alama yenyewe kabla ya kuitilia shaka mboga.

Mchicha, maharage na machungwa huja pia na potasiamu na nyuzinyuzi, na walaji wake kwa kawaida huvuta sigara kwa nadra kuliko wengine, kwa hiyo kinga huenda inatoka huko. Nchini China, jaribio la mwaka 2021 katika vijiji 600 lilibadilisha robo ya chumvi ya kawaida kwa chumvi ya potasiamu, na kiharusi kikapungua kwa asilimia 14 miongoni mwa watu waliokwisha kuugua kiharusi au wazee wenye shinikizo la damu. Sodiamu nayo ilipungua, kwa hiyo sifa si ya potasiamu peke yake. Hata hivyo, ushahidi wa namna hiyo ndio ambao vidonge vya antioksidanti havijaweza kuuonyesha.